Sakafu Iliyozidi Unene

Mtu anayeuza kitu kwa haraka simwamini. Mlinzi aliyeniuzia karavani ile pale Ngungu alitaka tumalizane kabla sijazunguka upande wa pili, na muda wote macho yake yalikuwa barabarani. Aliniambia kwamba mafundi wageni waliokuwa wakitengeneza njia walimwachia iwe mali yake. Nilijua anadanganya. Nikanunua hivyo hivyo, kwa sababu vita vilikuwa vimetufundisha kutamani nyumba ambayo mtu anaweza kuondoka nayo.

Ilikuwa nyumba ya bati jepesi juu ya magurudumu, na ubavuni ilikuwa na vyumba viwili vya kusukuma. Ulizungusha mkono wa chuma, manivele, chumba kikatoka nje kama mtoto wa meza. Ukizungusha kinyume, kilirudi ndani. Vikiwa nje, mimi, mke wangu na watoto tulikuwa na pa kulala na pa kukaa. Vikiwa ndani, lilibaki sanduku la kufunga nyuma ya kamioni. Nami kamioni nilikuwa nayo, ingawa haikuwa yangu: nilikuwa dereva wa tajiri mmoja wa Butembo, mtu wa kwetu, nikimbebea maharage mpaka Sake. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Siku risasi zikikaribia, magunia ya huyo patron wangu yanakaa juu ya kamioni, familia yangu inakaa ndani ya karavani, tunashuka zetu.

Tatizo lilikuwa sakafu. Mvua ya Masisi haina adabu. Ilikuwa imepenya pale vyumba vinapochomokea, na mguu wa mwanangu ukazama mpaka kwenye goti. Nikamwita fundi wa mbao, mtu wa kijijini kwa mke wangu. Nilimweleza mpaka akachoka: chumba kikirudi ndani kinapita juu ya sakafu, na nafasi iliyopo ni ya kidole tu. Aweke tripleks, ubao wa tabaka, iliyo nyembamba, na juu yake balatum, zulia la plastiki, basi. Akizidisha unene, chumba hakiingii, na kisipoingia hatuondoki.

"Nimesikia, Papa Chofa," akasema. Alisema upesi mno. Nikamwachia kazi shingo upande, nikaenda na mzigo wangu.

Niliporudi sakafu ilikuwa imekwisha, balatum nyekundu imevutwa vizuri mpaka kwenye pembe. Majirani walikuwa wamekwisha kuja kuisifu. Mimi nikaingia, na kofia yangu ikagonga taa ya darini. Nilikuwa nimepita chini ya taa ile miezi mingi bila kuigusa. Nikarudi mlangoni nikautazama: fundi alikuwa ameukata kwa chini ili ufunguke. Nyumba haifupiki, na mimi sikuwa tena katika umri wa kurefuka.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Nilijiambia kwamba yule bwana ameficha kitu: labda mawe ya madini kutoka Walikale, labda risasi za watu anaowajua yeye. Siku zile nyumba zilipekuliwa na yeyote aliyekuwa na bunduki, na kilichokutwa chini ya kitanda chako kilikuwa chako, hata ungeapa kwa Bikira Maria. Nilipokuwa peke yangu niligonga sakafu kwa spana. Ilijibu kwa sauti nzito. Nilitaka kuifunua, lakini niliogopa kuonekana nikiifunua, na zaidi niliogopa kukuta nilichokuwa nakitafuta.

Nikamwita fundi nikamuuliza. Alimtazama mke wangu kwanza, ndipo akanijibu kwamba tripleks za siku hizi ziko na unene. Jirani yetu akacheka, nami nikaanza kumshuku jirani. Nikamshuku hata katekista, aliyekuja kubariki nyumba akasimama muda mrefu pale pale palipoinuka. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, basi nikapekua nguo za kila mtu. Kila nilipotaka kujaribu manivele, mke wangu alikuwa na neno: mtoto analala mle, au sombe iko motoni, ningoje kesho.

"We hata kivuli yako ungeiomba karte ya kitambulisho," alinitania.

Asubuhi moja watu walianza kuteremka kutoka milimani na magodoro vichwani, wengine wakisukuma chukudu, baiskeli za mbao, zenye sufuria na wazee juu yake. Nilikuwa nimekwisha kupakia magunia ya patron. Nikarudisha kamioni nyuma, nikaifunga karavani kwenye kamioni, nikashika manivele. Chumba cha kwanza kilisogea kidogo, kikalia, kikagoma. Nikazungusha kwa nguvu zangu zote. Hakikwenda.

Nikawatoa watoto nje. Nikachukua mtalimbo na kuipasua balatum, nikingoja kuona masanduku ya risasi. Niliona mbao. Zilikuwa mbao nene za msitu wa Walikale, zimerandwa na kubanana vizuri. Nilizijua. Nilizileta mwenyewe za kumjengea mke wangu jiko, na nilidhani bado ziko nyuma ya nyumba chini ya majani ya migomba.

Mke wangu alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni.

"Ile njo mbao ya jikoni yangu," alisema. "Mi njo nilimupatia fundi. Usimukasirikie."

"Unataka tufie hapa?"

"Hapana. Kamio iko, sisi tuko. Twende."

"Kamio imejaa!"

"Hata ile mara ingine tulikimbia, ulisema imejaa. Tulitembea mpaka Shasha, mutoto na homa mu mugongo, na wewe ukapita na maharagi ya patron. Leo nilitaka nione nafasi utaipata wapi."

Nilipandwa na hasira. Nilipiga kelele kwamba mzigo haukuwa wangu, kwamba patron angenifukuza, kwamba siku ile niliwangoja Shasha mpaka wakafika. Yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ulinunua nyumba muzima," akasema, "ili usishushe gunia moja."

Niliona haya, na ile haya ikanizidishia hasira. Nikaifungua karavani kutoka kwenye kamioni, nikapanda juu, nikafungua turubai na kutupa gunia la kwanza chini. Lilipasuka, maharage yakamwagika barabarani, na watu waliokuwa wakipita wakasimama. Nikawaambia wapande. Wakapanda, nao wakanisaidia kutupa mengine. Nafasi ilipowatosha watoto wetu wote nikamnyooshea mke wangu mkono.

"Panda," nikamwambia. "Nafasi iko."

Hakupanda. Aliwashika watoto kando ya gurudumu, akitazama magunia yaliyokuwa yamebaki, kisha akanitazama mimi. Nikageuka nikaendelea kutupa. Gunia la mwisho lilipogusa ardhi, ndipo akaniinulia mtoto wa kwanza.