Mlima wa Mama Yake Kostansia

Mimi ni mwongo, mtaa wetu mzima wa Beechmont unajua. Niliwahi kumwambia mchungaji kwamba katika kambi ya wakimbizi ya Kibondo, Tanzania, tulikuwa na mbuzi aliyekuwa akifunga Ijumaa Kuu. Lakini haya ya Kostansia sikuyatunga. Ningeyatunga, ningeyamaliza vizuri.

Kostansia ni binti wa jirani yangu Dafroza, alizaliwa kambini. Tulipoletwa Marekani, mama alibaki nasi hapa Louisville, binti akafuata kazi Buffalo, kuogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Huko akapewa Bi Agnesi, kibibi cha Kizungu kilichozaliwa katika mji mdogo kwenye milima ya Alpi, Ulaya. Kilikuwa hakikubali kuoga mpaka kitembezwe kwao kwa mdomo.

"Tumefika wapi, bibi?" Kostansia humuuliza, kitambaa mkononi.

"Darajani."

"Kulia kuna nini?"

"Chemchemi ya maji moto. Mchungaji wa ng'ombe aliigundua. Ng'ombe wake kilema aliingia humo, akatoka anakimbia."

Kostansia aliponisimulia, uongo huo niliuonea wivu.

Mbele kuna kanisa lenye mnara kama kitunguu. Kisha jumba la wagonjwa wa kifua, roshani zake za mbao zinatazama jua. Matajiri walikuja kutoka mbali, wakalazwa nje ndani ya mablanketi, theluji inaanguka, wanavuta hewa safi. Waliopona walipanda miti njia nzima ya kituo cha treni. Wasiopona wako nyuma ya kanisa, na ni wengi kuliko miti. Vilipopatikana vidonge, jumba likafungwa, mji ukaona njaa mpaka walipokuja watu wa kuteleza kwenye theluji.

Mji huo Kostansia aliujua kuliko jikoni mwake. Mlima wa kwao hakuujua. Na sisi Warundi, mtu ni mlima wake. Siku ya kuondoa matanga yako, mwanao husimama akautaja na alama zake, ndipo tunasema umefika nyumbani. Dafroza alikimbia mauaji ya Burundi mwaka sabini na mbili, ndugu zake wote wakabaki chini ya udongo wa kule. Mlima wake hakumtajia mtu, hata mimi.

Alipoanza kusahau, nikampigia binti. "Njoo! Jana mama yako kaniita kwa jina la marehemu mumewe, na mimi sina ndevu."

Akamwomba mama yake kwenye simu. "Mlima hausemwi simuni," Dafroza akamjibu. "Njoo uketi, nikuchoree kwenye unga."

Kazini wakamnyima ruhusa, mwezi, miwili. Siku aliyopanda basi alikuwa na daftari jipya mapajani. Nilimpata kwa simu akiwa njiani, mjini Columbus, anabadilisha basi.

"Mama ametutoka, mwanangu. Asubuhi hii."

Akauliza, "Aliusema mlima?"

Unga niliukuta umetandazwa kwenye sinia, bila mstari hata mmoja.

Siku ya kuondoa matanga, Mzee Zabroni, anayejua milima yote ya kusini mwa Burundi, akasema, "Haya binti, tupeleke kwa mama."

Kostansia akasimama. Nikamsikia, "Kuna daraja. Kulia kuna chemchemi ya maji moto." Mnara akauruka, roshani akaziruka. "Waliopona walipanda miti. Wasiopona wako nyuma ya kanisa, na ni wengi kuliko miti."

Wanawake wakaangua kilio. Zabroni akakunja uso. "Mlima huo mimi siujui."

"Utaujulia wapi, mtoto wa bondeni wewe!" nikamdakia. "Mimi nimeyaoga maji yale. Mguu huu ulipona huko!"

Watu wakacheka na machozi yao. Zabroni akavua kofia. Dafroza akawa amefika.

Jikoni, Kostansia akanishika kanga. "Mama mkubwa, umewadanganya."

"Nimewadanganya, mwanangu."

"Basi nitungie jina la mlima wake. Jina tu."

Mimi, niliyemfungisha mbuzi Ijumaa Kuu, nikabaki na ile sinia ya unga mkononi, nasugua mahali palipokwisha takata.