Taa ya Upande wa Kulia

Shingo ya Ewald Terhorst ilikuwa haigeuki. Miaka miwili nyuma madaktari walikuwa wameunganisha pingili zake tatu kwa chuma, na tangu hapo, akitaka kumtazama mtu aliyesimama kando yake, ilimbidi ageuke mwili mzima kama kabati linalosogezwa. Watu wa Nordhorn, mji wao mdogo wa Ujerumani, walilizoea jambo hilo. Asiyelizoea ni Torben, mume wa binti yake Maike. Torben alikuwa mwalimu wa udereva, na kwa mwalimu wa udereva mtu asiyeweza kutazama nyuma ya bega lake si dereva.

"Bega!" ndilo neno alilowapigia wanafunzi wake kelele kutwa nzima. Kwao, anayesahau kutazama nyuma ya bega mbele ya mtahini hurudi nyumbani bila leseni, hata kama mengine yote ameyafanya kama malaika. Jumapili moja, kwenye meza ya kahawa, Torben alimgeuzia neno hilo baba mkwe.

"Baba mkwe, nikuulize. Ukikata kona kulia, baiskeli iliyo nyuma yako unaijuaje? Unainusa?"

"Nina vioo."

"Hata bibi yangu alikuwa na vioo, na alimkanyaga mbuzi wa jirani."

"Bibi yako alikuwa na akili zako."

Maike akaitua birika mezani kwa kishindo. "Mmeanza!"

"Sijaanza mimi," alisema Torben. "Nasema tu, aniachie funguo. Nitampeleka kwa mama mkwe mimi mwenyewe."

"Lini?" aliuliza Ewald. "Ukikosa wanafunzi?"

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Gesine, mke wa Ewald, alikuwa akitunzwa katika nyumba ya wazee huko Uelsen, mji wa jirani. Gesine alikuwa amesahau mwaka, mwezi, na mara nyingine jina la binti yake, lakini saa nane na nusu mchana hakuisahau. Saa hiyo alikaa dirishani akingojea gari la kijivu liingie uani. Likichelewa, alilia, na akishaanza kulia hakunyamaza hadi usiku. Basi la kwenda huko lilifika asubuhi tu, na Jumapili halikuwepo kabisa. Bila gari, Ewald angemwona mkewe kwa hisani ya Torben.

"Nipe wiki tatu," alisema. "Kisha kaa kando yangu unitahini."

"Kosa moja, funguo ni zangu."

"Kosa moja."

Wakapeana mikono bila kutazamana.

Ewald alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini na minne, mpaka kilipofungwa. Siku ya pili ya mapatano hayo alikwenda kwenye yadi ya magari chakavu, akatafuta toleo la ghali zaidi la gari kama lake, lililopondeka mbele lakini zima nyuma. Akang'oa vioo vyake viwili vya pembeni, vyenye mota ya kujikunja na kitaa kidogo cha njano cha kumwonya dereva kwamba kuna kitu pembeni asikoweza kuona. Akang'oa na rada mbili zinazokaa ndani ya bampa la nyuma, moja kila pembe, pamoja na waya zake zote.

Siku tisa alishinda uani. Alifungua milango ya mbele, akapitisha waya ndani ya mipira yake, akalala chali chini ya gari na ile shingo yake ya chuma, akifunga rada ndani ya bampa, mpaka machozi yakamtoka. Kompyuta ya mkononi aliiweka juu ya ndoo, akalifundisha gari kuvitambua viungo vyake vipya. Siku ya kumi alibonyeza kitufe cha kufunga, na vioo vyote viwili vikajikunja kwa mlio laini, kama paka anayelaza masikio. Akavifungua, akavikunja tena. Alirudia hivyo mara sita, peke yake, akicheka.

Kulikuwa na jambo moja tu. Mwezi wa tatu, akirudi nyuma katika uwanja wa ile nyumba ya wazee, alikuwa amegonga nguzo ya jiwe kwa pembe ya kulia ya bampa. Hakumwambia mtu. Alilijaza lile bonyeo kwa puti ya mafundi wa bodi, akalisugua, akalipaka rangi ya kijivu mara tatu hata Torben mwenye macho ya kipanga asione kitu. Sasa maelezo ya zile rada yalisema wazi: rada haioni kupitia puti.

Ewald aliyasoma maelezo hayo mara mbili. Kuikwangua puti ilikuwa ni kuonyesha bonyeo. Kununua bampa jipya ilikuwa ni kuulizwa la zamani limepatwa na nini. Akajiambia puti yenyewe si nene, kisha akaenda barabara kuu kujaribu. Kila gari lililompita, kitaa cha njano kiliwaka bila kukosa. Akaenda tena kesho yake, na kesho kutwa. Alirudi ameridhika. Lakini kwao, wanakoendesha upande wa kulia wa barabara, kulipita gari kwa kulia ni marufuku, na watu wanaitii sheria hiyo kuliko amri za kanisa. Kwa hiyo siku zote tatu magari yalimpita kwa kushoto, na kitaa cha kulia hakikupata hata mara moja cha kukiwasha. Ewald, aliyeitii sheria hiyo maisha yake yote, hakuliwaza hilo.

Jumamosi ya wiki ya tatu Torben aliingia garini na ubao wake wa kuandikia, kama anavyowafanyia watoto wa miaka kumi na saba.

"Jina la mtahiniwa?"

"Endelea na upuuzi wako, utashuka urudi kwa miguu."

"Mtahiniwa ana ulimi mchafu," alisema Torben, akaandika kweli.

Nusu saa nzima Ewald aliendesha vizuri. Alibadilisha njia, akaingia mzunguko, akatoka. Kitaa cha kushoto kiliwaka na kuzima, na kila kilipowaka Ewald alikionyesha kwa kidole bila kusema neno. Torben aliacha kuandika. Karibu na mfereji akasema kwa sauti ya chini, "Kata kulia hapo."

Ewald akawasha ishara na kutazama kioo cha kulia. Kitaa kimya. Akaanza kukata.

"Bega!"

Torben aliurukia usukani na kuuvuta kushoto. Gari likasimama limekaa mshazari. Msichana mwenye mkoba wa fidla mgongoni akapita kwa baiskeli, umbali wa mkono mmoja tu, akawatazama kwa macho yaliyotoka pima, akaenda zake.

Kisha Torben akashuka na kuzunguka nyuma. Akagonga pembe ya kushoto ya bampa kwa vifundo vya vidole: sauti nyepesi ya plastiki. Akagonga ya kulia: sauti nzito, kama ya kugonga ukuta. Akagonga tena, akarudi dirishani.

"Hii puti ni ya lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Na ulijua?"

Ewald alizima gari.

"Ulijua, mzee. Ulikuwa radhi umgonge mtoto wa watu kuliko mimi nijue umegonga nguzo."

Ewald alitoa funguo akaziweka juu ya ule ubao, juu ya matusi yake mwenyewe yaliyoandikwa. Akarudi nyumbani kwa miguu, kilomita nne.

Kesho yake saa nane kasorobo Torben alikuwa mlangoni. Gari lilikuwa barabarani, vioo vimejikunja.

"Vinafunguliwaje?"

"Wewe ndiye mwalimu."

"Baba mkwe, nimetafuta katika kitabu chote cha gari. Hamna."

"Hamna, maana si kiwanda kilichovifunga, ni mimi."

Torben alitazama saa yake. "Mama mkwe anakaa dirishani kukungojea wewe, si mimi. Chagua."

Ewald alisimama pale akiutafuna mdomo wake wa chini. "Bonyeza kufungua," alisema hatimaye. "Usiachie. Hesabu mpaka tatu."

Vioo vikafunguka kwa ule mlio laini. Ewald akapanda kiti cha nyuma, kama abiria wa teksi. Torben akawasha gari, akawasha ishara ya kushoto, akatupia kioo jicho. Kitaa hakikuwaka. Akaanza kuondoka.

"Bega!" alipiga kelele Ewald.

Torben akakanyaga breki. Barabara ilikuwa tupu pande zote. Wekundu ukampanda shingoni mpaka masikioni, kisha polepole akaigeuza ile shingo yake nzima isiyo na chuma, akatazama nyuma.

"Sasa endesha," alisema Ewald. "Tunachelewa."