Jumatano Saa Kumi

Mwalimu Ephrasia Kinunda alifundisha darasa la kwanza pale Kigonsera kwa miaka thelathini na mmoja, na watu walimjua kwa jambo moja: hapiti kitu asichokielewa. Mafundi wakichimba mtaro, atasimama kuuliza bomba linatoka wapi na linakwenda wapi. Akiandikiwa dawa, atataka kujua kwa nini asubuhi vidonge viwili na jioni kimoja. Wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa wana mashamba yao ya kahawa na watoto wao, wakimwona anakuja njiani huanza kuandaa majibu kabla hata ya kumwamkia.

Alipostaafu alikuwa na mipango ya kahawa na kuku. Kaka yake hakuwamo kwenye mipango hiyo, lakini ndiye aliyeletwa.

Xavery alikuwa fundi wa majokofu ya chanjo. Kwa miaka kumi na tano alikuwa akipanda na kushuka kati ya milima ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, akikagua majokofu ya sola kwenye zahanati. Mwezi wa pili, akiwa kwenye bodaboda anatoka ziwani, kiharusi kilimshika. Alianguka, simu yake ikapotelea korongoni, na alipozinduka hospitalini mkono na mguu wa kulia ilikuwa mizito na maneno yalikuwa yamemtoka. Alielewa kila alichoambiwa, ila akifungua kinywa kujibu, kilichotoka kilikuwa kimoja tu: "hiyo hiyo". Ukimuuliza chai au uji, hiyo hiyo. Ukimuuliza kama anaumwa, hiyo hiyo, huku macho yamejaa machozi ya hasira. Mke wake alikuwa amekwishafariki na binti yake yuko kazini mkoa wa mbali, kwa hiyo Ephrasia alimfungulia chumba cha mbele.

Mwezi wa saba, mahali alipokuwa akifanyia kazi waliomba nakala za fomu zake za ukaguzi. Fomu zote zilikuwa ndani ya kompyuta yake ya mkononi. Ephrasia akaibeba hadi ofisi ya parokia, ambako Devotha, mwandishi wa ofisi, alikuwa na waifai.

Kompyuta ilikataa. Iliujua mtandao wa parokia, iliuonyesha kwa jina, ikajaribu kuingia na kurudi na ujumbe kwamba haiwezi kuunganisha.

"Ilikuwa inaingia," alisema Devotha. "Kaka yako alikuwa anakaa hapo kwenye benchi kila akija kukusalimia. Ila mwezi wa tano tulibadilisha nywila. Hii mashine bado imeshika ile ya zamani, kila mara inapeleka ileile."

"Sasa unaiambiaje kwamba mambo yamebadilika?"

"Huiambii, mwalimu. Unaisahaulisha."

Devotha akamwonyesha. Xavery alikuwa ameiweka mashine yake katika Kiswahili ili awafundishie wahudumu wa zahanati, kwa hiyo kila hatua ilisomeka: mipangilio, halafu mtandao na intaneti, halafu mitandao inayojulikana. Hapo ikafunguka orodha. Devotha akaubonyeza mtandao wa parokia, akachagua neno Sahau, kisha akaunganisha upya kwa nywila mpya. Kompyuta ikaingia bila ubishi, na fomu zikatumwa.

Lakini Ephrasia alikuwa bado anaitazama ile orodha.

"Haya majina mengine yote ni ya nini?"

"Ni kila mtandao aliowahi kuingia. Mashine huwa inautunza pamoja na nywila yake, akifika tena pale inaingia yenyewe."

"Hata kama yuko mbali?"

"Akiwa mbali haina kazi, ila imo."

Ephrasia aliyahesabu. Yalikuwa arobaini na sita.

Nyumbani alivuta kiti karibu na cha kaka yake, akaifungua orodha na kuanza kusoma, kama alivyozoea kuita mahudhurio. Kulikuwa na majina ya zahanati. Kulikuwa na mitandao ya simu za watu, ya Sista Emiliana na ya dereva fulani wa Mbamba Bay. Kulikuwa na nyumba za wageni, na mtandao mmoja uliitwa Nenda Kalime, na mwingine Bando Langu Jasho Langu. Xavery alicheka kwa hilo la mwisho, kicheko cha upande mmoja wa uso, lakini kicheko. Hakuwa amecheka tangu mwezi wa pili.

"Huu bado unautaka?" alimuuliza, akimwonyesha nyumba ya wageni ya Mbinga mjini.

Xavery aligeuza kiganja cha kushoto kikatazama chini, akakisukuma pembeni. Ephrasia akabonyeza Sahau. Wakaendelea hivyo: kidole gumba juu, ubaki, kiganja chini, ufutwe. Ephrasia aliona jambo ambalo hakulitarajia. Mtu aliyeshindwa kuchagua kati ya chai na uji alikuwa akiamua upesi, bila kusita, na uso wake ulikuwa wa fundi aliye kazini. Wakafuta kumi na tisa.

Wakafika kwenye jina lililoandikwa kwa herufi kubwa: JUMATANO SAA KUMI.

Xavery alimshika dada yake kifundo cha mkono.

"Ubaki?"

Kidole gumba kikapanda. Hakumwachia.

"Ni wapi huku, kaka?"

"Hiyo hiyo," alisema Xavery. Akajaribu tena. "Hiyo hiyo. Hiyo." Kisha akapiga goti lake kwa kiganja na kugeuza uso ukutani.

Ephrasia hakulala vizuri kwa siku tatu. Jina la mtandao huwa ni jina la mtu au mahali. Nani anaupa mtandao wake jina la siku na saa? Orodha yenyewe haikuonyesha mahali. Ndipo akakumbuka fomu. Kila fomu ilikuwa na tarehe na jina la zahanati, na yeye alikuwa na kalenda ukutani. Alikaa na penseli, akazipitia moja moja, akizitafuta Jumatano.

Zahanati nyingi zilikaguliwa kila baada ya miezi mitatu. Jokofu la zahanati ya Lundo, kule ziwani, lilikaguliwa kila baada ya wiki mbili, Jumatano, kwa miaka minne. Na katika kila fomu, chini kabisa, Xavery alikuwa ameandika kwa unyofu: jokofu zima, halina tatizo.

"Kaka," alisema Ephrasia kutoka mlangoni, "jokofu la Lundo lina nini?"

Xavery aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa jikoni.

Dada alidhani ameshajua. Kaka yake alikuwa mjane wa miaka sita. Kama kulikuwa na mwanamke huko ziwani, basi mwanamke huyo amekaa miezi mitano bila habari, akidhani ameachwa. Hilo lilimsumbua kuliko siri yenyewe. Jumanne iliyofuata alimkodia kaka yake kiti cha mbele kwenye basi dogo, wakateremka milima hadi Mbamba Bay, wakalala huko. Kesho yake mchana wakachukua bajaji kwenda Lundo, kompyuta ikiwa imejazwa chaji na kufungwa ndani ya kanga.

Muuguzi wa zahanati ya Lundo alikuwa mgeni, ana mwezi mmoja tu kituoni. Jokofu alilijua, Jumatano saa kumi hakuijua. Ephrasia alikuwa anaaga aende kuuliza dukani, alipoona kiti cha Xavery kitupu.

Alikuwa nje tayari, fimbo mkononi, anaburuta mguu wa kulia kwenye mchanga. Kwa miezi mitano alikuwa akimfuata dada yake nyuma. Sasa Ephrasia ndiye aliyefuata, kompyuta imefunguliwa mikononi kama sinia la chakula, na wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliacha kazi kumtazama. Mara skrini ilionyesha simu ya mtu, mara haikuonyesha kitu. Walipita uwanja wa shule, wakapita kanisa dogo la Kianglikana lenye bati jekundu. Karibu na nyumba ya matofali ya kuchoma iliyokuwa nyuma ya kanisa, bila Ephrasia kugusa chochote, ile alama ya mawimbi pembeni mwa skrini ikajaa. Imeunganishwa. Jumatano Saa Kumi.

Aliyetoka mlangoni hakuwa mwanamke. Alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, chaki kwenye vidole. Alisimama, akamtazama Xavery kuanzia fimbo hadi usoni, kisha akaja na kumkumbatia.

"Tumepiga simu mpaka tukachoka," alisema baadaye, walipokwisha kuketi. Aliitwa Meshack, mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya. "Haipatikani. Tukasema labda fundi amehamishwa. Wewe ndiye dada yake, Mwalimu Ephrasia? Amekutaja sana."

"Amekuwa akija kufanya nini hapa?"

Meshack alishangaa. "Kuimba. Ni besi wetu."

Ilikuwa rahisi kama hivyo. Miaka minne nyuma Xavery alikuwa akirekebisha jokofu, akasikia mazoezi, akaja kusimama dirishani. Jumatano nyingine akaja tena. Mara ya tatu Meshack akamwambia aingie. Waimbaji walikuwa na tabia ya kuchelewa, kwa hiyo Meshack alipofunga intaneti nyumbani akaupa mtandao jina la siku na saa ya mazoezi, ili kila anayewasha simu kutafuta intaneti ya bure alisome.

Ephrasia alikumbuka jambo ambalo hakuwa ameligusa kwa miaka mingi. Walipokuwa vijana, yeye ndiye aliyeongoza kwaya ya vijana pale misheni, na kabla ya Pasaka moja alimwambia kaka yake mbele ya wenzake kwamba sauti yake inavuta wengine chini, ni afadhali asaidie kupanga viti. Alipanga viti. Tangu siku hiyo hakuwahi kumsikia akiimba, hata jikoni.

Saa kumi ilipofika waimbaji waliingia, kumi na nane hivi. Kila mmoja alimshika Xavery mkono wa kushoto. Wakamweka kwenye kiti katikati ya wanaume, na Ephrasia akakaa karibu na mlango. Meshack alichagua wimbo aliotunga mwenyewe, wa wapiga kasia wanaotafuta nchi kavu ukunguni. Sauti ya kwanza ikaanza, zikafuata nyingine, na besi zikaingia mwisho.

Mwanzoni Xavery alivuma tu, mdomo umefungwa. Katika ubeti wa pili alifungua kinywa na maneno yakatoka. Hayakuwa hiyo hiyo. Yalikuwa maneno yenyewe ya wimbo, moja baada ya jingine, mazima, kwa sauti nzito iliyosikika chini ya sauti zote.

Ephrasia alisimama. Kwaya ilimwona, nao wakaanza kugeuka kumtazama Xavery, lakini Meshack aliwaashiria kwa mkono waendelee mpaka mwisho.

"Kaka," alisema Ephrasia wimbo ulipokwisha, "umeimba."

"Hiyo hiyo," alisema Xavery.

Mtu mwingine angelia, na kwa kweli wapo waliolia. Ephrasia alikuja mbele, akapiga magoti karibu na kiti.

"Mwalimu Meshack, rudia ubeti wa pili, polepole."

Walirudia. Maneno yakaja tena. Akamwambia Meshack apige mahadhi yaleyale bila maneno, kisha yeye mwenyewe, kwa sauti yake ya darasa la kwanza, akaweka juu yake maneno mengine: ninaomba maji ya kunywa. Akiimba alimgongagonga kaka yake kiganja cha kushoto, pigo moja kwa kila silabi. Mara ya kwanza Xavery alipotea. Mara ya tano alifika "ninaomba". Mara ya tisa alifika mwisho, na mmoja wa waimbaji wa sauti ya pili alikwishatoka mbio kuleta kikombe.

Jioni, Mbamba Bay, wakiwa wamekaa na mbasa wa kuchoma mbele yao, Ephrasia alisema bila kumtazama, "Mimi ndiye niliyekutoa kwaya. Nilikosea."

Xavery alimsogezea upande wa samaki wenye nyama nyingi.

Daktari wa Mbinga, walipomweleza, alisema jambo hilo linajulikana: wimbo na usemi havipiti njia moja kichwani, na njia moja ikiharibika nyingine inaweza kubaki. Akawaambia wafanye mazoezi kila siku. Walifanya asubuhi na mchana, na Meshack alituma mahadhi mapya kwa simu kila wiki. Majirani walizoea kumsikia fundi akiimba kwamba jua limemchoma, ahamishwe kivulini. Devotha alipokuja kuwatembelea aliimbiwa kwa heshima zote kwamba chai yake haina sukari ya kutosha. Kisha, polepole sana, mahadhi yalianza kudondoka na maneno mengine yakabaki yenyewe: dada, leo, bado.

Mwezi wa kumi, vumbi likiwa limefunika kila kitu, Vitalia, muuguzi wa zahanati ya jirani, alikuja na wasiwasi. Jokofu la chanjo halipoi tangu Ijumaa, na fundi mpya yuko Tunduru. Alikuwa anamweleza Ephrasia, lakini Xavery ndiye aliyekuwa anasikiliza. Alivuma kidogo, akagonga goti mara mbili.

"Paneli," alisema. Akavuta pumzi. "Vumbi. Osha."

Vitalia alirudi, akaegemeza ngazi, akaziosha paneli za sola kwa maji na kitambaa laini. Kesho yake mchana alipiga simu: jokofu limeshuka hadi nyuzi nne. Ephrasia alimsogezea kaka yake simu sikioni ili asikie mwenyewe. Xavery aliitikia kwa kichwa, akaendelea kumenya karanga zake kwa mkono mmoja.