Adabu Iliyompokonya Mwatima Chumba

Mimi Mzanzibari, na mdomo wangu hauna breki, basi nitasema: Wabarawa adabu zao zimezidi. Adabu hizo ndizo zilizompokonya shoga yangu Mwatima chumba cha darasa.

Mwatima alifika hapa London mwaka tisini na mbili na mumewe, wamekimbia vita Barawa, kusini mwa Somalia. Kila fomu aliyojaza alitiwa kwenye kisanduku cha Wasomali. "Mimi Mbarawa," akimwambia karani, "nina lugha yangu, Chimini." Karani akitafuta kwenye orodha, haimo. Chimini ni ndugu wa Kiswahili. Nikiisikia nadaka neno hapa, neno pale, basi. Lakini nitaisikia wapi? Ukiingia tu nyumbani kwake, wote wanageukia Kiswahili. Kwao kusema Chimini mbele ya mgeni asiyeijua ni sawa na kumsengenya usoni.

Siku za kazi alihudumia wazee majumbani kwao, anawaosha, anawalisha. Jumamosi alifundisha. Mwaka tisini na nane alipewa chumba bure kwenye ukumbi mmoja nyuma ya soko la Walthamstow. Akagonga milango ya Wabarawa mpaka soli za viatu zikaisha, akapata watoto kumi na mmoja pamoja na binti yake Afnan. Afnan amezaliwa huku. Anafahamu kila kitu, anajibu Kiingereza. Bibi yake akipiga simu kutoka Mombasa, mtoto hana la kusema zaidi ya "yes, yes", halafu anampa mama yake simu. Hilo lilimuuma Mwatima mno. "Nikifa mimi," aliniambia, "hawa wawili hawana tena wa kuwaunganisha."

Mwaka elfu mbili na moja wenye ukumbi wakasema atakuja afisa kutazama. Akiona lugha inafundishwa kweli, darasa litabaki. Asipoona, chumba watapewa watu wa dansi. Mwatima akaniita nije nimshike mkono. Wazazi wote walikuja, wamevaa wakapendeza, halwa imejaa meza.

Akaingia afisa, mama wa Kizungu, mpole, ana daftari. Loo! Mzee Zein, babu wa mmoja wa watoto, ambaye Kiingereza chake hakijai kijiko, akamkaribisha kwa Kiingereza. Wazazi nao Kiingereza. Watoto ndiyo usiseme. Mwatima mwenyewe akafundisha somo zima kwa Kiingereza, mgeni asijione ametengwa. Mimi huku nyuma namkonyeza, nakohoa, wapi! Yule mama alikula halwa, akashukuru, akaandika yake, akaenda zake.

Barua ikaja wiki ya pili: hakuna lugha nyingine iliyosikika. Na kweli haikusikika! Nikamwakia, "Wewe Mwatima una wazimu? Saa nzima!"

"Angekaa kama bubu, Faridah," akanijibu. "Mgeni wetu yule." Kisha akalia, na mimi nikajuta kufoka.

Jumamosi iliyofuata darasa likahamia sebuleni kwake, watoto wamekaa chini kwenye zulia, Mzee Zein na wazazi kwenye makochi. Nilipoingia na chupa ya chai, wakubwa wote wakageuka. "Karibu, Bi Faridah, karibu ukae," kwa Kiswahili safi.

Mwatima akapiga meza kwa kiganja. "Basi! Bi Faridah atuwie radhi. Humu ndani ni Chimini, aje nani aje nani." Akaendelea na somo kwa Chimini.

Wallahi sikumjua. Mwatima wangu mimi ni mnyamavu, anapima maneno. Huyu alikuwa mwepesi, mtani, anamchokoza Mzee Zein, anaigiza sauti za watu, mpaka Afnan akacheka na kumrudishia jibu la Chimini, kwa kusitasita. Niliona wivu, kisha nikaona haya. Miaka tisa kila nikiingia mlango ule, mwanamke huyu alikuwa akinyamaza kwa ajili yangu.

Wakacheka tena, mpaka Mzee Zein akafuta machozi. Nikauliza, "Mnacheka nini?"

Hakuna aliyenitafsiria.