Pijo Lililogoma Saint-Josse

Maman Régine hakuwahi kulipenda gari la mumewe, na hakuwa mtu wa kuficha. Lilikuwa Peugeot 504 kuukuu, Pijo kwa ulimi wa kwao, rangi ya maziwa yaliyochacha, la enzi zile ambazo injini ililishwa petroli na kabureta, si kompyuta. Mumewe, Guylain, alilipata kwa mzee mmoja wa mji wa Charleroi, hapa Ubelgiji, akalifufua kwa mikono yake mwenyewe, na tangu siku hiyo Jumapili zake zikawa zimekwisha. Wenzake wakitoka kanisani huenda Matonge, mtaa wa Wakongo, kula samaki. Yeye huenda uani kulala chini ya Pijo. Régine alisema mara nyingi, mbele za watu, kwamba mke mwenzake ni chuma.

Huko Bukavu Guylain alikuwa fundi wa kusakwa. Régine alikuwa akiuza oili na vipuri kwenye meza mlangoni mwa gereji, na mtu haketi mlangoni miaka yote ile akatoka mikono mitupu. Alijua injini yenye njaa inaliaje, na iliyokunywa kupita kiasi inanukaje. Hapa Brussels kazi yake ilikuwa kuogesha wazee wa watu majumbani mwao huko Ixelles, apande basi asubuhi, arudi jioni miguu imevimba. Ujuzi ule haukuwa na pa kwenda, ukakaa.

Kisha, kiangazi kilichopita, Guylain akaanguka bafuni. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, kikachukua na ulimi. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa anatembea kwa kujivuta, anakula kwa kulishwa, anatazama ukuta. Madaktari walimwambia afumbe macho, hakufumba. Walimwambia aguse pua, akaitazama pua ya daktari. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu hakuulizwa chochote tena. Wageni walimsalimia kwa sauti ya kubembelezea watoto, halafu wakamgeukia Régine na kumuuliza hali ya mgonjwa, na mgonjwa amekaa palepale.

Jumanne iliyofuata alikuwa anakuja bibi mmoja wa huduma za jamii, mwanamke mpole mwenye skafu, kuamua kama Guylain abaki nyumbani au apelekwe kwenye nyumba ya wasiojiweza. Swali lake lilikuwa moja tu: je, mgonjwa anaelewa? Noé, mtoto wao, alikwisha kulijibu. Alimwambia mama yake, kwa upole kabisa, kwamba papa hayupo tena, kilichobaki ni kumtafutia mahali pazuri. Régine alimkatalia kwa ukali. Lakini ukali ule ulikuwa wa mdomoni. Moyoni alikuwa ameanza kukubali, na jambo hilo lilimtisha kuliko kiharusi chenyewe.

Pijo nalo lilikuwa na safari yake. Mwenye gereji waliyopanga kuliweka alitaka nafasi yake, na Noé alikuwa amempata mtu wa kulichukua. Tabu ni kwamba gereji ilikuwa uani, nyuma ya nyumba za Saint-Josse, mtaa wao, na njia ya kuingilia ilikuwa kijipenyo kilichopita chini ya nyumba ya watu, ambamo gari la kuvuta halipiti. Lazima Pijo litoke kwa miguu yake. Ijumaa Noé alizungusha ufunguo mpaka betri ikaishiwa nguvu, akaja juu akasema hilo nalo limekufa. Ile "nalo" Régine hakuipenda hata kidogo.

Jumamosi asubuhi, baridi ya Januari ikiuma masikio, aliazima betri kwa Rahim, jirani yao Mtanzania. Rahim aliibeba mwenyewe mpaka uani, akauliza kwa adabu kama mama ana hakika na anachotaka kufanya, akajibiwa kwamba aende akafungue duka lake. Guylain hakuwa wa kuachwa peke yake ndani, kwa hiyo Régine alimvisha koti juu ya koti, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa gereji. Hakuwa anatarajia lolote kwake. Alitaka tu amwone asianguke.

Akaanza alikofundishwa kuanza. Gari lisilowaka linadai kimoja kati ya vitatu, cheche, petroli au hewa, na fundi mjinga ni yule anayebadilisha vyote kwa pamoja. Aliitoa petroli ya zamani, iliyokuwa inanuka kama rangi ya mlango, akatia mpya. Akachomoa mpira unaopeleka petroli kwenye kabureta, akauelekeza chupani, akazungusha ufunguo, na petroli ikaruka. Pampu basi ilikuwa nzima. Akaifunga chupa na kuipeleka mbali, maana hakuwa mwehu, akaurudisha mpira, akafungua plagi moja, akailaza pembeni mwa injini, ikiwa bado na waya wake, ikigusa chuma. Akazungusha tena ufunguo huku ametoa shingo mlangoni kama bata. Cheche ilikuwapo, ya buluu, kali.

Akarudisha kila kitu mahali pake, akajaribu. Injini ilizunguka kwa nguvu, haikushika. Alipoifungua plagi tena aliikuta kavu, na hapo akaanza kuchangamka, kwa sababu plagi iliyolowa ni gari lililoshiba kupita kiasi, na plagi kavu ni gari lenye njaa. Alimimina petroli, kiasi cha kifuniko cha chupa, moja kwa moja kwenye koo la kabureta. Pijo likashika, likanguruma, likafa. Kumbe lilitaka kuwaka. Injini yenye baridi inadai petroli nyingi na hewa kidogo, na hiyo ndiyo kazi ya kile kibati kinachoziba koo la kabureta asubuhi, ambacho wengine hukiita choki. Régine aliinama akitafute. Kibati hakikuwapo. Kulikuwa na matundu mawili ya skrubu, yamesafishwa vizuri.

Alicheka peke yake, cheko la hasira. Kitu cha kwanza ambacho mafundi wa Bukavu walikitoa kwenye kabureta ya Ulaya kilikuwa kibati hicho. Kule hakina kazi. Hukwama tu, injini ikazama kwenye petroli. Guylain alikuwa na kopo zima la vibati vya watu. Na hapa, katika nchi ambayo maji huganda ndooni, mikono yake ilifanya ilivyozoea. Sasa majira yote yale ya baridi alikuwa analiwashaje? Régine hakujua. Hakuwahi kushuka uani kumtazama hata mara moja, na hilo lilimuuma papo hapo.

"Papa Noé," alisema bila kugeuka, kama mtu anayejisemea, "ulikuwa unaiwashaka namna gani hii kitu?"

Kiti cha plastiki kikalia nyuma yake.

Guylain alikuwa amesimama. Alijivuta mpaka kwenye gari, akaegemeza tumbo ubavuni mwake, akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akauziba mdomo wa kabureta kwa kiganja. Kisha akamtazama mkewe. Alimtazama yeye, halafu kiti cha dereva, halafu yeye tena, kwa ile pupa ya zamani ya fundi anayengojea spana.

Régine aliingia garini, akazungusha ufunguo. Injini ikakinyonya kiganja, ikakohoa, ikashika. Alitoa kichwa dirishani aone. Guylain hakuwa ameondoa mkono. Alifungua kidole kimoja, akasikiliza. Akafungua cha pili, na injini ilipoyumba akakirudisha. Alikuwa anaipimia hewa kidogo kidogo kadiri ilivyopata joto, na hakuna mtu aliyempa amri yoyote. Amri za madaktari mwili wake ulizikataa, lakini kazi ya mazoea mkono uliifanya wenyewe.

Furaha ilimjia Régine mpaka akaupiga usukani. Yupo. Alitamani Jumanne ifike sasa hivi, yule bibi wa skafu aje asimame hapa uani ajionee. Yupo, na alikuwapo wakati wote.

Hapo furaha ikakatika. Kama alikuwapo wakati wote, basi alikuwapo siku ile Régine anamlisha uji huku simu iko sikioni, anamwambia dada yake Gracieuse kule Bukavu kwamba Guylain alishaondoka, kilichoko kwenye kiti ni nguo zake. Alikuwapo Régine alipowaambia akina mama wa kanisani, Guylain mwenyewe akiwa katikati yao, kwamba kama Mungu anamtaka basi amchukue mara moja, kuliko kuwachukua wawili polepole. Alikuwa ameyasema hayo kwa sauti ya kawaida, akimfuta kidevu. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya aliyamwaga tangu kiangazi, karibu kila siku.

Injini ilipotulia Guylain aliondoa mkono. Régine akashuka, akaliacha Pijo likinguruma lenyewe, akazunguka mpaka upande wake.

"Ulikuwa unasikiaka yote?" aliuliza. "Yote yenye nilikuwa nasema?"

Guylain akaitikia kwa kichwa, mara ya kwanza tangu aanguke.

Angeweza kusema kwamba hakumaanisha. Wengi wangesema hivyo. Lakini siku aliyoyasema aliyamaanisha, na huyu mwanamume alimjua mno, uongo wa namna hiyo usingepita.

"Nilichoka, Papa Noé," alisema. "Nilichoka sana."

Guylain akaitikia tena, polepole, maana hilo nalo alikuwa amelisikia miezi yote ile.