Goli la Kaka Yangu Uwanjani Wattaya

Kosa langu la kwanza, tulipoanza kucheza ule mpira wa umbo la yai kule Wattaya, lilikuwa kudhani kwamba mtu akizijua sheria za mchezo ataona mchezo kama ulivyo. Wattaya ya wakati ule ilikuwa uwanda mtupu wa kokoto chini ya milima, na Ijumaa alasiri ulinuka vumbi la moto, mafuta ya gari na majani ya migunga yaliyokuwa yakitafunwa na mbuzi. Tulitoka kwa miguu Matrah, mji wa bandari wa nchi ya Waarabu tulikohamia, kanzu tumezifunga kiunoni, na kabla hatujafika tulishasikia sauti ya ule mpira ukipigwa. Haukulia kama mpira wa mviringo. Ulitoa mlio mkavu, kama mtu aliyepiga mto kwa kiganja, halafu ukaruka upande ambao hakuna aliyeutarajia.

Mwenye mpira alikuwa fundi wa mitambo wa kambi ya mafuta, mtu wa Australia, tukimwita Bwana Keni. Yeye ndiye aliyetufundisha mchezo wa kwao na yeye ndiye aliyekuwa refa. Kila upande alisimamisha nguzo nne, mbili ndefu katikati na mbili fupi pembeni. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya zile ndefu bila kuguswa na mtu, hilo ni goli, pointi sita. Ukipita kati ya ndefu na fupi, au mpinzani akiugusa hata kwa ncha ya kidole, ni pointi moja tu. Upande mmoja tulikuwa sisi, watoto wa familia zilizotoka Unguja baada ya mapinduzi ya mwaka wa sitini na nne, ambao mjini tuliitwa Zinjibari hata tulipoamkia kwa Kiarabu safi. Upande wa pili walikuwa vijana wa sokoni Matrah.

Baada ya Ijumaa chache wazee nao wakaanza kuja, na mabirika yao ya kahawa. Hakuna hata mmoja aliyeujua mchezo, lakini wote waliujua uonevu. Ami Khalfan, mdogo wake baba, hakuwahi kuelewa kwa nini nguzo ni nne, ila kila filimbi ilipolia dhidi yetu alisimama akapiga kelele, "Refa huyo! Kanywa kahawa yao, mimi nimemuona!" Ng'ambo ya uwanja watu wa sokoni walilalamika kwamba Mzungu anatupendelea sisi kwa sababu tunakielewa Kiingereza chake. Filimbi moja, mtu mmoja, na watu wa pande zote mbili walirudi nyumbani wakiwa wameibiwa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na pale Wattaya ngoma ilivutwa mpaka ngozi ikakaribia kupasuka.

Mimi niliwacheka. Kiingereza nilikuwa nimejifunza mwenyewe kutoka kitabu kilichokosa jalada, na kwa Kiingereza hicho nilimsumbua Bwana Keni mpaka nikazijua sheria zake zote. Nilizirudia kichwani nikienda kuteka maji, nikila, hata nikiwa katika safu ya sala, Mungu anisamehe. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo: nikikosea neno moja, siku nzima imeharibika. Kwa hiyo Bwana Keni alipotafuta mtu wa kusimama nyuma ya nguzo na vibendera viwili, kimoja kwa pointi moja na vyote viwili kwa goli, alinichagua mimi. Wapinzani hawakukataa. Saleh, beki wao, mtoto wa muuza samaki, alisema, "Mwacheni huyu. Hata kaka yake akikosea humsema."

Sifa ile niliibeba kama yai mkononi. Na kaka yangu Nasor ndiye aliyekuwa mfungaji wetu. Unguja alikuwa akisoma. Matrah alibeba magunia bandarini, na ule mpira ulikuwa kitu pekee kilichomfanya anyooshe mgongo. Siku Bwana Keni alipotuambia kwamba anahamishiwa kambi ya ndani jangwani, na kwamba mpira utabaki kwa timu itakayoshinda mechi ya mwisho, Nasor alikwenda kuomba mafuta ya nazi kwa mama ili ngozi ya mpira isikauke, kana kwamba umeshakuwa wake.

Mchana wa mechi ile nilizirudia sheria zote tangu ya kwanza. Sikuogopa kwamba Nasor atashindwa. Niliogopa kwamba atafunga, na itanilazimu kuinua vibendera vyote viwili mbele ya watu wote wa Matrah. Ikatokea hivyo hivyo. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne, mchezo unamalizika, Nasor akaupiga mpira, na Saleh akaruka amenyoosha mkono. Mpira ukapita juu yake, kati ya nguzo ndefu. Nilisikia kidole kikigusa ngozi. Nilisikia kabisa. Nikainua kibendera kimoja.

"Mtoto gani huyu!" Ami Khalfan alipaza sauti. "Unamuuza nduguyo mchana kweupe!" Watu wa sokoni walinishangilia, "Wallahi, huyu ana macho ya mwewe!" Kumbe ni Saleh aliyenijia, akitweta, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sikuugusa. Ulipita juu ya vidole." Kisha akamgeukia Bwana Keni akarudia hivyo kwa ishara, ameinua mkono na kuutikisa. Bwana Keni akaniuliza niliona nini. Nilimwambia ukweli, machozi yakinitoka: sikuona mguso, nilidhani tu nimeusikia, kwa kuwa niliogopa kusemwa kwamba nampendelea kaka yangu. Akapuliza filimbi, akakubali goli, tukashinda kwa pointi mbili.

Hapo ndipo nilipoona ajabu. Watu wa sokoni walimgeukia Saleh. "Umeugusa! Sisi tumeona!" Akawaambia, "Mkono si wangu?" Mzee mmoja akamjibu, "Mkono wako, macho yetu!" Nyuma yangu Ami Khalfan alikuwa akiwaeleza watu kwamba yeye tangu mwanzo alijua mtoto huyu ni mwadilifu.

Tulirudi Matrah, Nasor ameukumbatia mpira kifuani. Nilingoja anigombeze. Tulipokaribia Ruwi, njiani, akasema tu, "Ungekuwa hunijui, ungenipa goli langu." Wanasema ukipenda, chongo huita kengeza. Hawasemi kwamba unaweza kuogopa kuonekana unapenda mpaka jicho zima ukaliita chongo. Watu niliowacheka walivuta ngoma kwao, nami niliivuta kwa nguvu ile ile, ila kwa upande wa pili.

Ule mpira ulishapasuka na nguzo ziling'olewa. Mwaka huu nimetimiza miaka kumi na tano, na Wattaya tunacheza mpira wa miguu wa kawaida kama watu wote. Huwa wananipa filimbi, na watu wa pande zote mbili bado hurudi nyumbani wakiwa wameibiwa. Nasor bado anacheza. Ijumaa iliyopita alifunga, wapinzani wakanizunguka wakinitajia jina la baba yetu, kwamba nampendelea ndugu. Niliwaambia ni goli, nikaelekeza mkono katikati ya uwanja.