Ndege Asiyemaliza

Vita vilipomtoa mama yangu kijijini kwake Bunyakiri, akaja kukaa kwetu mjini Bukavu, aliacha kuamka asubuhi. Alilala macho wazi mpaka jua linachoma mabati. Daktari hakuona ugonjwa. Mimi, mwalimu wa biolojia mwenye kiburi cha diploma yangu, nikaamua kwamba damu imepungua, nikamnunulia vidonge. Havikusaidia kitu.

Mke wangu ndiye aliyemuuliza tu sababu, jambo ambalo mimi sikulifikiria.

"Maman, juu ya nini hauamuke?"

"Niko nangojea ile ndege imalize."

Kwao, mwanamke hatoki kitandani kabla ndege mmoja mdogo, mwenye tumbo la rangi ya chungwa, hajamaliza wimbo wake wa alfajiri. Anapoumaliza kwa sauti ya juu, ndipo watu hufanya ishara ya msalaba na kuwasha moto. Ndege huyohuyo yupo hata uani kwetu, ila wa kwetu huishia kwa sauti ya chini. Miezi minne Mama alikuwa akiingoja ile sauti ya juu.

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Hilo ni somo ninalofundisha kila mwaka: makinda hujifunza kuimba kwa baba zao na majirani, kwa hiyo kila bonde huwa na lafudhi yake, kama sisi tusivyosema sawa na watu wa Shabunda.

Nilipopata safari ya Bunyakiri, nilisimama alfajiri nyuma ya nyumba yake na simu, nikamrekodi ndege wa huko. Sauti ilitoka safi kabisa, nami nikarudi najivuna.

Mama aliposikiliza mara ya kwanza, alitabasamu. Mara ya pili akaibana simu sikioni.

"Na batu? Sisikie mutu anatwanga, sisikie hata mbuzi. Batu beko wapi?"

Kumbe mimi niliushukuru ule ukimya wa watu kwa kuisafisha rekodi yangu. Nikamwambia ukweli: nyumba za jirani zote ni tupu, nyingine hazina hata mlango. Akanirudishia simu, akajifunika kitenge.

Kesho yake ndege wetu aliimba, akaishia chini kama kawaida yake. Nikasikia kitanda kinalia, kisha makaa yanamwagwa kwenye babula, jiko letu la bati. Nilipotoka, Mama alikuwa amechuchumaa anapuliza moto.

"Mama, ndege imemaliza?"

"Imemaliza," akasema bila kuniangalia. "Huku inamalizaka hivyo."